Mtu Tuliyemwondoa Kitini

(Maneno haya niliyazungumza mbele ya mkutano wa walimu wa hisabati na waandishi wa programu. Wengi hawakuweza kufika na wameniomba niyaandike, basi nayaweka hapa karibu kama yalivyotoka. Picha za ukutani nimeziacha. Hazikuwa na maana kubwa hata siku ile.)

Ndugu mwenyekiti, walimu wangu, na ninyi vijana mliojibanza nyuma karibu na soketi za umeme, hamjambo?

Nimeombwa nieleze jinsi ya kuunganisha ukurasa wa wavuti na programu ya hisabati iliyo kwenye seva. Yaani mtu afungue ukurasa kwa simu yake, aandike mlinganyo, abonyeze kitufe, na huko mbali programu kubwa ihangaike na kumrudishia jibu. Najua wapo waliokuja wakitaraji niwape mistari ya kodi ya programu wanakili, waende zao. Mistari hiyo ipo, ni michache, na nitaieleza kwa dakika moja tu. Shida haimo humo.

Naomba kwanza turudi mwaka 1940. Tarehe 11 Septemba mwaka huo, wanahisabati wa Marekani walikuwa wamekusanyika katika chuo cha Dartmouth, mjini Hanover, New Hampshire. George Stibitz wa maabara za Bell alikuwa na mashine ya kukokotoa namba changamano, iliyoundwa kwa relei, swichi zilezile zilizotumika kwenye mitambo ya simu. Mashine yenyewe ilikuwa New York, wala hakuibeba. Alichopeleka Hanover ni teleprinta, mashine ya kuchapa inayotuma na kupokea maandishi kwa waya, akaiunganisha na New York kwa waya wa simu. Wajumbe wakaandika hesabu Hanover, mashine ikakokotoa New York, jibu likachapwa palepale mbele yao. Mwanahisabati Norbert Wiener alikuwamo ukumbini. John Mauchly naye alikuwamo, yule ambaye miaka michache baadaye alishiriki kuunda ENIAC, mojawapo ya kompyuta za kwanza za kielektroniki.

Mmeona? Hakuna wavuti, hakuna kivinjari, hata kompyuta kama tunavyoijua sisi bado. Lakini kila kitu tunachohangaika nacho kilikuwapo: mahali pa kuandika swali, waya, mashine iliyo mbali, na jibu linalorudi. Sasa kama mtu alifanya hivyo mwaka 1940, kwa nini sisi bado tunakesha?

Tunakesha kwa sababu moja, nami nitairudia mpaka mnichoke. Programu za hisabati tulizonazo zilitengenezwa zikae na mtu. Mtu aliyeketi mbele yake. Mtu anayesoma kinachoandikwa, anayejibu akiulizwa, anayejua wakati wa kukatiza, na asiyeweza kuiumiza kompyuta kwa makusudi kwa sababu kompyuta ni yake. Tukiweka ukurasa wa wavuti katikati, mtu huyo tumemwondoa kitini. Kazi zake zote zimebaki. Nani atazifanya?

Haya, ile dakika moja ya njia yenyewe. Mtumiaji anajaza fomu, kivinjari kinatuma ombi la HTTP, yaani kwa lugha ya wavuti, seva inalipokea. Seva inaamsha programu ya hisabati kama mchakato, yaani nakala moja ya programu inayoendeshwa, inamimina maandishi kwenye ingizo lake, inakinga yanayotoka upande wa pili, inayafunga vizuri na kuyarudisha kwenye ukurasa. Ndiyo hivyo tu. Mtindo huu ulipata kanuni zake mwaka 1993 kwa jina la CGI (Common Gateway Interface), huko NCSA, kituo cha kompyuta kuu cha Chuo Kikuu cha Illinois, na ingawa leo tuna njia nyingi za kisasa zaidi, umbo ni lilelile. Programu ya nyuma unaweza kuchagua Maxima, Octave, SageMath au lugha ya Python yenye maktaba ya SymPy. Ukiwa na leseni inayokuruhusu, unaweza kutumia Mathematica, Maple au MATLAB. Nasema leseni inayokuruhusu, kwa maana leseni ya kukaa nayo mezani peke yako si lazima iwe ruhusa ya kuihudumia dunia nzima. Someni mkataba kabla ya kuandika mstari wa kwanza.

Mifano yangu mingi leo itatoka kwa Maxima, kwa sababu nimeishi nayo. Asili yake ni Macsyma, iliyoanzwa MIT mwaka 1968. William Schelter aliitunza tangu 1982 mpaka alipofariki mwaka 2001, na ni yeye aliyepata kibali mwaka 1998 cha kuitoa kama programu huria. Fikirini hiyo 1968. Mtu na terminali, kifaa cha kuandikia amri na kusomea majibu. Anaandika mstari, anasubiri, anasoma. Programu hiyo haijawahi kuota ndoto kwamba siku moja anayeiandikia atakuwa programu nyingine.

Sasa niwape aibu yangu ya kwanza.

Nilikuwa nimemaliza ukurasa wangu wa kwanza wa aina hii. Kisanduku kizuri, kitufe kizuri. Nikaandika fomula, nikabonyeza. Kile kiduara cha kusubiri kikaanza kuzunguka. Kikazunguka. Kikazunguka. Hakuna kosa, hakuna jibu. Nikaingia kwenye seva kuangalia: mchakato uko hai, lakini haufanyi kazi yoyote, prosesa imetulia tuli. Nikabadilisha mipangilio ya seva, nikabadilisha maktaba, nikaulaumu mtandao, nikalala saa tisa za usiku.

Walimu wangu, nani hapa amewahi kuandika amri ya Maxima akasahau nukta mkato mwishoni? (Mikono ikainuka, na vicheko.) Basi ndicho kilichonipata. Maxima inataka kila amri imalizike kwa nukta mkato au alama ya dola. Bila hiyo, inaelewa kwamba bado unaandika. Na ni adabu njema kabisa! Mtu akiwa hajamaliza kusema, humkatizi. Ilikuwa imeketi inanisubiri nimalize sentensi, na mimi nimeketi naisubiri ijibu. Ungekuwa umekaa mbele yake ungeliona hilo kwa sekunde mbili, ukaongeza alama, ukaendelea. Ila kitini hapakuwa na mtu.

Nikaweka nukta mkato, nikafurahi siku mbili. Siku ya tatu mwanafunzi akaomba integrali ya x kwa kipeo cha n. Kiduara kikazunguka tena.

Safari hii nilijua pa kuangalia. Nilipochungulia yanayotoka kwenye mchakato, nikakuta Maxima imeuliza swali. Iliuliza: je, n ni sawa na −1? Na swali hilo ni halali, maana n ikiwa −1 jibu ni logarithimu, na ikiwa si −1 jibu ni x kwa kipeo cha n jumlisha moja, gawanya kwa n jumlisha moja. Mwalimu yeyote makini angeuliza vivyo hivyo. Maxima iliuliza, ikanyamaza, ikasubiri jibu. Ingelisubiri mpaka umeme ukatike.

Mnajua wengi hufanya nini hapa? Wanaiambia programu mapema ichukulie kwamba kila kitu ni chanya, swali lisizuke. Amri ipo, inaitwa `assume`, na inafanya kazi. Lakini mimi siipendi kama dawa ya kila ugonjwa. Umemdanganya mwanafunzi kimyakimya. Swali lile lilikuwa sehemu ya hisabati yenyewe, tena sehemu nzuri kuliko jibu! Ninachofanya siku hizi ni hiki: seva ikiona kilichotoka ni swali, inalipeleka swali kwa aliyekaa upande wa pili. Ukurasa unamuuliza, “n ni −1 au si −1?” Anachagua, ombi linatumwa upya likiwa na sharti lake. Mchakato wa kwanza unauawa, haubaki hewani ukimsubiri mtu aliyekwenda kunywa chai. Hapo aliyeondolewa kitini amerudishiwa kazi moja ambayo ni yake kweli.

Kuna jambo la tatu la familia hiyohiyo, nilipitie upesi. Programu nyingi zikiwa zinaandika kwenye terminali hutoa kila mstari unapokamilika. Zikigundua kwamba upande wa pili ni bomba, yaani njia ya kupitishia maandishi hadi programu nyingine, na si terminali, zinaanza kulimbikiza. Zinangoja hadi zijaze baiti elfu kadhaa ndipo zimwage. Jibu lako lina herufi ishirini. Limeshakokotolewa, limekaa ndani, linasubiri wenzake wa kusafiri nao. Dawa ni kuiamuru programu isukume nje kila baada ya jibu, na kuiambia ichapishe alama ya mwisho unayoitambua, neno lisiloweza kutokea kwenye hesabu yoyote, ili ujue jibu limeisha. Na soma pia njia ya makosa, lile bomba la pili ambamo programu humwaga makosa na maonyo yake! Bomba la Linux kwa kawaida hubeba baiti 65,536. Maonyo yakijaa humo bila msomaji, programu nzima inasimama.

Sasa tuje kwenye uaminifu.

Mwenzangu mmoja, kijana mpole, haongei sana, aliniomba siku moja ajaribu ukurasa wangu. Nikamkabidhi kwa fahari. Hakuandika fomula. Aliandika `system("ls")`, akabonyeza kitufe, na pale kwenye nafasi ya jibu, chini ya kichwa cha habari kilichoandikwa “Matokeo ya hesabu yako”, yakatokea majina ya mafaili ya seva yangu. Yote. Akanigeuzia skrini bila kusema neno.

Kwa nini Maxima ina amri ya kuendesha amri za mfumo? Kwa nini Octave nayo inayo? Kwa sababu mtu aliyekaa mbele yake ni mwenye kompyuta! Anataka kufungua faili, kuchora grafu, kuita programu nyingine. Ni huduma nzuri kwa mwenye nyumba. Mimi niliuchukua ufunguo wa mwenye nyumba nikautundika nje ya mlango, nikaandika juu yake “weka fomula hapa”.

Nilivyojibu ni jinsi wanavyojibu wote mara ya kwanza: nikalipiga marufuku neno `system`. Ukilikuta, kataa. Yule kijana akatabasamu. Akalikata neno vipande viwili ndani ya maandishi, akaiamuru Maxima iviunganishe na kuvitekeleza. Nikapiga marufuku hilo pia. Akanikumbusha kwamba chini ya Maxima kuna Lisp, lugha ya programu ambayo Maxima imeandikwa kwayo, na kuna mlango wa kushukia huko. Tulicheza mchezo huo alasiri nzima, ndugu zangu, na sikushinda hata mara moja.

Orodha ya vilivyokatazwa haina mwisho, kwa maana wewe unaiandika kutokana na unachokijua, na mwenzako anaingia kwa anachokijua yeye. Andika orodha ya vilivyoruhusiwa. Soma fomula ya mtumiaji kwa kichanganuzi chako mwenyewe, yaani kipande cha programu kinachoivunja fomula na kuielewa, kikubali haya tu: tarakimu, vigeu vya herufi moja, alama za kujumlisha na kuzidisha, mabano, na majina ya fanksheni unazozijua, `sin`, `cos`, `exp`, na kadhalika. Chochote kisichomo, rudisha kwa upole. Kisha usiipeleke ile tungo yake kama alivyoiandika. Ijenge upya kutoka kwenye ulichoelewa, ndiyo uipeleke. Kwa njia hiyo kinachofika kwa Maxima kimeandikwa na wewe, si na mgeni.

Na hata baada ya hayo, usijiamini. Mchakato uendeshwe kwa jina la mtumiaji asiye na haki yoyote, ndani ya kontena, kasha linaloitenga programu na seva nzima, lisilo na mtandao, kwenye diski isiyoandikika, na kumbukumbu yenye kikomo. Kuna siku kichanganuzi chako kitakuwa na tundu. Siku hiyo utafurahi kwamba aliyeingia amejikuta kwenye chumba kitupu.

Nimetaja kikomo. Hapa ndipo kazi kubwa zaidi ya yule mtu wa kitini inapoonekana. Aliyekaa mbele ya mashine anao mkono juu ya Ctrl na C, vitufe vya kukatizia. Anaona hesabu inachukua muda mrefu, anafikiri kidogo, anajiambia, “aa, nimekosea,” anaikatiza. Seva haina mkono huo. Seva ni mtiifu hadi kufa.

Mnataka kuona utiifu? Andikeni 9^9^9. Herufi tano tu. Maxima inasoma kutoka kulia: tisa kwa kipeo cha tisa kwa kipeo cha tisa, na jibu lina tarakimu 369,693,100. Mtoto anaweza kuiandika kwa kidole kimoja akicheza. Au omba namba ivunjwe katika namba tasa zake. Mwaka 1977 ilitolewa hadharani namba ya tarakimu 129, iitwayo RSA-129, kama changamoto. Ilivunjwa mwaka 1994, kwa msaada wa watu wapatao 600 waliojitolea kompyuta zao. RSA-250, yenye tarakimu 250, ilivunjwa mwaka 2020 kwa kazi ambayo kiini kimoja cha prosesa kingeifanya kwa takriban miaka 2,700. Na tarakimu 250 zinaenea kabisa kwenye kisanduku cha fomu! Kwa ukurasa wako hakuna tofauti kati ya swali la sekunde moja na swali la miaka elfu mbili. Yote yanafika yamevaa nguo moja.

Kwa hiyo unaweka kikomo cha muda, sivyo? Nami niliweka. Sikilizeni kilichotokea.

Ilikuwa usiku wa kuamkia mtihani. Wanafunzi wa taasisi moja, sitaitaja, walikuwa wanautumia ukurasa wangu kujipima. Seva yangu ya mbele, ile inayopokea maombi na kuyapeleka nyuma, ilikuwa nginx, ambayo usipoibadilisha inasubiri jibu kutoka nyuma sekunde 60, kisha inampa mtumiaji kosa la 504, yaani muda wa kusubiri umekwisha. Nikadhani hicho ndicho kikomo. Mwanafunzi mmoja akaandika integrali nzito. Sekunde 60 zikapita, akapata 504. Akafanya nini? Akabonyeza tena. Akabonyeza tena. Akamwambia jirani yake ajaribu na yeye. Nilipoamshwa na kufungua orodha ya michakato, nilikuta Maxima zimejipanga kama nzige, kila moja inakokotoa integrali ileile, kwa ajili ya watu ambao ukurasa wao ulishakufa zamani. Nginx ilikata simu; aliyekuwa anakokotoa hakuambiwa kwamba simu imekatwa.

Jamani, kukata ombi si kuua mchakato. Rudieni nami. (Wakarudia, wengine kwa kusitasita.) Kikomo cha muda kinawekwa kwenye mchakato wenyewe na watoto wake wote, na muda ukiisha wanauawa, si kuombwa. Weka na kikomo cha idadi: michakato minne kwa wakati mmoja, kumi, kadiri mashine yako inavyobeba, wengine wakae kwenye foleni. Ombi likifika, seva ijibu mara moja kwa 202, maana yake “nimelipokea, bado sijalimaliza,” impe mtu namba ya foleni. Ukurasa unarudi kuuliza kila baada ya muda, au unaacha WebSocket, njia ya mazungumzo isiyofungwa kati yake na seva, wazi na kujulishwa. Kitufe kizimwe kikishabonyezwa, na pembeni yake kiwepo kingine: “Katiza”. Kitufe hicho ndicho ile Ctrl na C ya zamani, mmemrudishia mtu wake.

Na yale majibu yahifadhini. Integrali ya leo ni integrali ya kesho. Sijui kazi nyingine kwenye seva ambayo kuhifadhi jibu kuna usalama namna hii.

Mtu ataniambia, “Mwalimu, kuamsha programu upya kwa kila ombi kunachelewesha.” Kweli, baadhi ya programu hizi huchukua sekunde kadhaa kabla ya kufungua macho. Jupyter, mfumo wa madaftari ya hesabu kwenye kivinjari, imechukua njia ya kuacha kiini cha programu kikiwa hai na kuzungumza nacho kwa ujumbe, na kwa daftari la mtu mmoja hilo ni jambo zuri sana. Lakini kwa ukurasa wa watu wengi, mchakato mmoja ukihudumia wageni wawili mfululizo, wa kwanza akisema a ni 3, wa pili akiuliza thamani ya a jumlisha b, atapewa 3 jumlisha b na hatajua imetoka wapi. Mimi huamsha michakato kadhaa mapema, inakaa imenawa mikono ikisubiri; kila mmoja unahudumia mgeni mmoja, unakufa, na mwingine unaamshwa nyuma ya pazia. Ni ufujaji kidogo. Nimeukubali.

Sasa nikomee kwenye lugha, na hapa walimu mnisamehe nikichelewa.

Mwalimu mmoja wa hisabati, mtu mzima ninayemheshimu, aliniita kando akaniambia: “Kijana, mashine yako haijui hesabu. Nimeiuliza log ya 100, imenipa 4.605.” Nikacheka ndani kwa ndani, halafu nikaona haya, kwa sababu yeye hakukosea. Darasani kwake log ni ya kizio cha kumi na jibu ni 2. Maxima na Octave zinaposoma `log` zinaelewa logarithimu asilia. Aliuliza swali moja, nikalipeleka swali jingine, nikamrudishia jibu sahihi la swali ambalo hakuuliza. Angekuwa ameketi mbele ya programu na kitabu chake cha maelekezo, angejua. Aliketi mbele ya ukurasa wangu, na ukurasa wangu haukumwambia kitu.

Baada ya hapo nikaanza kukusanya mambo haya kama mtu anayekusanya stempu. Sin ya 30: mwanafunzi anataka nusu, mashine inasoma radiani badala ya digrii na kutoa −0.988. Desimali: kuna watu wengi duniani wanaoandika tatu na nusu kwa mkato, 3,5, na programu hizi karibu zote zinaona vitu viwili vilivyotenganishwa. Mbili-x, iliyoandikwa 2x kama kila mtu anavyoandika kwenye karatasi, Maxima inaikataa, inataka nyota katikati. Hiyo afadhali, maana inakataa kwa sauti. Balaa ni x(x+1). Hapo Maxima hailalamiki. Inadhani x ni jina la fanksheni, na x+1 ndicho inachopewa. Inakurudishia ulichoandika, imetulia, na mwanafunzi anaambiwa jibu lake si sahihi wakati ni sahihi.

Na hata programu zenyewe hazikubaliani. Mbili kwa kipeo cha tatu kwa kipeo cha mbili, 2^3^2, ukiipa Maxima inaanza kulia na kusema 512. Ukiipa Octave inaanza kushoto na kusema 64. Siku utakapobadilisha programu ya nyuma kwa sababu ya kasi au leseni, ukurasa hautabadilika hata rangi, na majibu yatabadilika. Ndiyo maana nilisisitiza kichanganuzi chako mwenyewe. Sikusema hivyo kwa sababu ya wezi tu.

Kuna kitu kimoja ambacho, kama mngenilazimisha nichague kimoja tu, ningekichagua hicho: mwonyesheni mtu ulichoelewa kabla hujakokotoa. Anapoandika, chini ya kisanduku fomula yake itokee ikiwa imepangwa kama kwenye kitabu, sehemu juu ya mstari, kipeo juu, kipeuo na paa lake. Kazi hiyo kwenye kivinjari ni nyepesi: MathML, lugha ya kuandikia fomula kwenye wavuti, ipo tangu 1998, na MathJax, maktaba ya kuchora fomula ukurasani, inasoma moja kwa moja fomula zilizoandikwa kwa TeX, lugha ya kupangia hisabati. Akiona log yake imeandikwa ln, atashtuka mwenyewe. Akiona 1/2x imekuwa nusu ya x badala ya moja juu ya 2x, atarudi kuweka mabano. Huhitaji kumfundisha.

Mfumo wa STACK, ulioanzishwa na Chris Sangwin kwa ajili ya kusahihisha mazoezi ya hisabati, unatumia Maxima nyuma na una tabia hii: mwanafunzi anaonyeshwa jibu lake lilivyosomeka kabla halijasahihishwa. Na usahihishaji wenyewe ni mtamu. Haulinganishi herufi na herufi. Unaweza kulichukua jibu la mwanafunzi, ukaliondoa kwenye la mwalimu, ukarahisisha. Ikibaki sifuri, ni sawa, hata kama mmoja ameandika (x+1)² na mwingine amefungua mabano. Ila msije mkaahidi kupita uwezo. Mwaka 1968 Daniel Richardson alithibitisha kwamba ukiruhusu aina fulani za fomula, zenye sin, exp, thamani kamili na wenzao, hakuna utaratibu mmoja unaoweza kuamua siku zote kama fomula ni sifuri. Kwa maswali ya darasani mtafika salama. Lakini ukurasa wenu uwe na jibu la tatu zaidi ya “sahihi” na “si sahihi”, nalo ni “nimeshindwa kuamua, muulize mwalimu”. Kuna aibu gani?

Njia ya kurudi nayo ina shimo lake. Programu ya nyuma inakokotoa namba kamili za urefu wowote bila kukosea tarakimu. Faktoriali ya 1,000 ina tarakimu 2,568 na zote ni za kweli. Unaifunga kwenye JSON, muundo wa maandishi wa kusafirishia data, inafika kwenye kivinjari, JavaScript, lugha ya programu ya kivinjari, inaisoma kama namba yake ya kawaida, ambayo kwa namba kamili inaaminika hadi 2 kwa kipeo cha 53 tu, yaani 9,007,199,254,740,992. Tuma namba inayofuata hapo, inayoishia na 993, uone kitakachochapwa. Itaishia na 992. Hesabu ngumu imefanywa sawasawa kule nyuma, ikaharibiwa mlangoni na mpokea mizigo. Tumeni namba kama maandishi. Kivinjari hakihitaji kuijua, kinahitaji kuionyesha.

Nimemwona kijana mmoja pale nyuma ameinua mkono tangu nilipotaja kontena, na nadhani najua anachotaka. Anataka kuniambia kwamba siku hizi kuna WebAssembly, njia ya kuendesha programu nzito ndani ya kivinjari, kuna Pyodide, Python iliyojengwa kwa njia hiyo, kwamba Python yenye SymPy inaendeshwa ndani ya kivinjari chenyewe, na mimi nimetumia saa nzima kuhangaika na seva isiyohitajika.

Kijana, kwa nusu ya kurasa nilizowahi kutengeneza, una haki. Mara ya kwanza ukurasa utachelewa, kwa kuwa programu nzima lazima ipakuliwe. Baada ya hapo, 9^9^9 inamning'iniza aliyeiandika peke yake, na akifunga dirisha imekwisha. Akiandika jambo la ujanja, anajichokoza mwenyewe. Yule mtu amerudi kitini, mbele ya mashine yake. Kinachobaki kwenye seva ni hesabu zinazoizidi simu, programu zenye leseni, na yale majibu ya mtihani ambayo hatutaki yashuke kwenye kivinjari cha mtahiniwa. Kama kazi yako haimo katika hayo matatu, ningeanza na njia yako wewe.

Haya, kipaza sauti kimfikie. Na useme na jina la programu unayotumia nyuma, ili tujue ^ yako inaanzia upande gani.